Jukwaa la Jirani: Maseru 1980 na Harare 1987

Mwanamuziki akifukuzwa kwao, wasikilizaji wake hawafukuzwi pamoja naye. Wao hubaki. Santuri zake zikipigwa marufuku watazificha, redio ya taifa ikiacha kumpiga watatafuta stesheni za nje, lakini yeye mwenyewe hawatamwona tena akiwa amesimama mbele yao. Katika insha hii nitazungumzia maonyesho mawili ya muziki yaliyofanyika katika viwanja vya wazi kwenye nchi mbili zinazopakana na Afrika Kusini. La kwanza lilifanyika Lesotho, mjini Maseru, wakati wa Krismasi ya mwaka 1980. La pili lilifanyika Zimbabwe, mjini Harare, Februari 1987. Kwa Waafrika Kusini walioishi uhamishoni, naona kwamba maonyesho haya yalikuwa na uzito kuliko lile la Wembley, London, la Juni 1988, ambalo ndilo hutajwa kila mara. Uzito huo ulitokana na majirani waliokubali kutoa viwanja vyao katika miaka ambayo ujirani huo ulikuwa na bei.

Tuanze na wanamuziki wenyewe. Miriam Makeba aliondoka Afrika Kusini mwaka 1959, baada ya kuonekana katika filamu ya Come Back, Africa, iliyopigwa kwa siri mjini Johannesburg. Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Makeba alipotaka kurudi kumzika, akakuta pasi yake imefutwa. Mwaka 1963 alizungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia ubaguzi wa rangi, na baada ya hapo nyimbo zake zikapigwa marufuku kwao. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunamjua zaidi kwa Malaika, wimbo aliouzungusha duniani kiasi kwamba wapo wanaodhani mwimbaji alikuwa Mtanzania au Mkenya.

Hugh Masekela, mpiga tarumbeta, aliondoka mwaka 1960, muda mfupi baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville. Tarumbeta yake ya kwanza aliipata akiwa mwanafunzi, kwa msaada wa padri Mwingereza, Trevor Huddleston. Padri huyohuyo alikuja kuwa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanzania, kuanzia 1960 hadi 1968, na baadaye akawa rais wa chama cha Uingereza cha kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Makeba na Masekela walioana mwaka 1964 wakaachana miaka miwili baadaye. Jukwaani hawakuachana.

Ugenini hawakukosa watu wa kuwasikiliza. Juni 1967 Masekela alipiga tarumbeta katika tamasha la Monterey, California, ambako vijana wa Marekani walikusanyika kwa maelfu kumsikiliza Jimi Hendrix na Otis Redding. Mwaka uliofuata wimbo wake Grazing in the Grass ulishika nafasi ya kwanza katika chati za Marekani. Mwaka 1974 yeye na rafiki yake Stewart Levine waliandaa tamasha la siku tatu katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa. Wenzangu Wakongomani wamelisikia kwa wazazi wao. Lilipangwa liende pamoja na pigano la Muhammad Ali na George Foreman, lakini Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pigano likaahirishwa hadi Oktoba, muziki ukaendelea peke yake Septemba. James Brown alikuwepo, Franco na Tabu Ley walikuwepo, na Makeba aliimba.

Kinshasa ilikuwa Afrika, ila haikuwa nyumbani. Hakuna mtu wa Soweto aliyeweza kupanda basi asubuhi akawa Kinshasa jioni. Mtu aliye uhamishoni anaweza kuimba mbele ya umati mkubwa sana, na bado watu aliowaimbia nyimbo hizo tangu mwanzo wasiwemo. Wenzangu wanaotoka katika familia zilizowahi kuwa za wakimbizi, na tuko wengi katika nchi za Maziwa Makuu, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuangalie ramani. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Haina bahari, haina jirani wa pili. Mji mkuu wake uko mpakani kabisa, kando ya mto ambao Wasotho huuita Mohokare na ramani za Kiingereza huuita Caledon. Ukivuka daraja umefika Maseru. Kisotho kinazungumzwa kando zote mbili za mto, na familia nyingi zina ndugu huku na huku. Katika miaka hiyo makumi ya maelfu ya wanaume wa Lesotho walifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, na Krismasi ulikuwa wakati wao wa kurudi nyumbani. Mtu aliyevuka daraja mwezi Desemba, akiwa na mzigo begani na watoto nyuma yake, hakuwa jambo la kushangaza kwa askari wa mpakani. Ndivyo watu walivyosafiri kila mwaka. Kwa maoni yangu uchaguzi wa tarehe ulikuwa sehemu kubwa ya mafanikio ya onyesho la Maseru, ingawa waandishi wengi huipita tarehe hiyo kana kwamba Krismasi ilikuwa pambo tu.

Makeba na Masekela walikuwa hawajaimba karibu na kwao kiasi hicho kwa miaka ishirini. Idadi ya watu inayotajwa mara nyingi ni 75,000. Hata tukipunguza theluthi moja kwa tahadhari, bado ni umati mkubwa kwa nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni moja na nusu. Wengi walikuwa wamevuka mpaka kutoka Afrika Kusini. Kijana wa miaka ishirini aliyekuwa uwanjani siku hiyo alikuwa amezaliwa mwaka uleule ambao Masekela aliondoka. Sauti ya Makeba aliijua kupitia santuri ambayo haikuruhusiwa kuuzwa, na sura yake labda kupitia jalada lake. Ndiyo maana naona kwamba neno «onyesho» halitoshi kwa tukio hili. Ilikuwa ziara ya ndugu waliozuiwa kuonana, iliyofanyika nyumbani kwa jirani kwa sababu ndiye aliyekuwa na ua mkubwa.

Hapa inabidi kutaja jirani wa namna nyingine. Desemba 1979, mwaka mmoja kabla ya Maseru, ilifunguliwa hoteli kubwa ya starehe iitwayo Sun City, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Johannesburg. Ilijengwa Bophuthatswana. Bophuthatswana ilikuwa mojawapo ya maeneo ambayo serikali ya Makaburu iliyatenga kwa ajili ya Waafrika kufuata makabila, kisha ikayatangaza kuwa nchi huru. Hili lilipewa «uhuru» mwaka 1977, na hakuna serikali nyingine duniani iliyoutambua isipokuwa Pretoria na maeneo mengine ya aina hiyohiyo. Lakini uongo huo ulikuwa na faida zake. Kamari, ambayo ilikatazwa Afrika Kusini, iliruhusiwa huko, na wanamuziki wa ng'ambo waliotaka pesa za Afrika Kusini bila lawama waliweza kusema kwamba wao walikwenda nchi nyingine. Frank Sinatra aliimba Sun City mwaka 1981, Linda Ronstadt mwaka 1983, kundi la Queen mwaka 1984.

Kwa hiyo katika miaka ileile kulikuwa na majukwaa mawili «ng'ambo ya mpaka». Moja lilikuwa katika nchi ya kubuni, likiwapokea wasanii wa dunia ili Afrika Kusini isionekane imetengwa. La pili lilikuwa katika nchi za kweli, likiwapokea Waafrika Kusini waliotengwa na kwao. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio Desemba 1980 likiwataka waandishi, wanamuziki na wasanii wengine kuisusia Afrika Kusini. Mwezi huohuo Makeba na Masekela walikuwa Maseru. Sijui kitabu cha kiada kinachoweka matukio haya katika ukurasa mmoja, lakini yanapaswa kusomwa pamoja, kwa sababu jambo lililobishaniwa baadaye Harare lilianzia hapa.

Nilisema kwamba ujirani huu ulikuwa na bei. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini waliingia Maseru wakaua watu 42. Thelathini kati yao walikuwa Waafrika Kusini, wengi wao wakimbizi, na kumi na wawili walikuwa raia wa Lesotho. Tarehe 14 Juni 1985 walivuka mpaka wa Botswana wakaua watu kumi na wawili mjini Gaborone. Miongoni mwa waliouawa alikuwa mchoraji Thami Mnyele, wa kikundi cha Medu, kikundi ambacho Julai 1982 kilikuwa kimeandaa mjini humo tamasha la utamaduni na upinzani lililowakutanisha wasanii wa ndani na wale wa uhamishoni. Masekela alikuwa akiishi Botswana katika miaka hiyo, na baada ya shambulio hilo akaondoka. Januari 1986 Afrika Kusini iliifungia Lesotho mipaka. Nchi isiyo na jirani wa pili ikifungiwa mipaka, haina njia ya mafuta wala chakula. Kabla mwezi haujaisha jeshi la Lesotho lilikuwa limempindua Waziri Mkuu Leabua Jonathan, na wanachama wa ANC wakaanza kuondolewa nchini kwa ndege. Tarehe 19 Mei mwaka huohuo ikawa zamu ya Harare, Gaborone na Lusaka, zilizoshambuliwa kwa siku moja.

Sisemi kwamba Maseru ilishambuliwa kwa sababu ya muziki. Waliotafutwa walikuwa wanachama wa ANC, na waliouawa waliuawa kwa sababu walikuwa wakimbizi au kwa sababu walilala karibu na wakimbizi. Ninachosema ni kwamba kumpa mkimbizi nyumba na kumpa mkimbizi jukwaa vilikuwa sehemu za ukarimu mmoja, na Pretoria iliutazama ukarimu huo wote kama uadui. Tukisifu nyimbo bila kuwataja wale raia kumi na wawili wa Lesotho, tutakuwa tumesimulia nusu ya habari.

Tufike Harare. Februari 1985 Mmarekani Paul Simon alikwenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki wa huko. Kabla ya safari Harry Belafonte alimshauri azungumze kwanza na ANC. Hakufanya hivyo. Kazi iliyotokana na safari hiyo, Graceland, ilitoka mwaka 1986 ikauzwa sana, na ubishi ukaanza. Je, alikuwa amevunja vikwazo? Yeye alijitetea kwamba hakufanya onyesho lolote Afrika Kusini, na kwamba wanamuziki aliwalipa vizuri kuliko viwango vya kawaida. Wapinzani wake walijibu kwamba kususia ni kususia, na kwamba mtu mmoja akijipa ruhusa yake mwenyewe, kesho watakuja wengine kumi. Jambo lililozidisha hasira ni kwamba Linda Ronstadt, yule wa Sun City, alikuwa ameimba katika mojawapo ya nyimbo hizo. Ziara ya Simon ilipofika London mwaka 1987 kulikuwa na waandamanaji nje ya ukumbi.

Katika ubishi huo Makeba na Masekela walisimama upande wa Simon. Masekela alimfahamu tangu Monterey. Wote wawili wakajiunga na ziara yake, na ziara hiyo ikaja Afrika, si Johannesburg bali Harare, miezi tisa tu baada ya ndege na makomando wa Makaburu kushambulia nchi za jirani.

Uwanja uliotumika ulikuwa Rufaro. Jina hilo kwa Kishona maana yake ni furaha. Uko Mbare, mtaa wa Waafrika wa enzi ya Rhodesia. Hapo ndipo bendera ya Uingereza iliposhushwa usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, na ndipo Bob Marley alipoimba usiku huo, polisi wakirusha mabomu ya machozi kwa watu waliotaka kuingia bila kualikwa. Filamu ya onyesho la mwaka 1987 ipo, na nimeitazama zaidi ya mara moja. Ni mchana. Weusi na weupe wamesimama pamoja kwenye nyasi, wengine wamebebana mabegani. Miaka saba tu kabla ya hapo wengi wao wasingeweza kukaa katika kiti kimoja cha basi.

Lakini mimi huangalia jukwaa zaidi kuliko umati. Upande mmoja wamesimama Makeba na Masekela, watu wasioweza kurudi kwao. Upande mwingine wamesimama Joseph Shabalala na waimbaji wake wa Ladysmith Black Mambazo, mpiga gitaa Ray Phiri na wenzake, watu waliotoka Afrika Kusini na ambao baada ya ziara wangerudi huko. Uhamisho ulikuwa umewagawa wanamuziki wa nchi moja katika mafungu mawili kwa zaidi ya robo karne, na Harare mafungu hayo yalipiga wimbo mmoja kwa mdundo mmoja. Ule wimbo ambao katika santuri Ronstadt aliuimba, Harare aliuimba Makeba. Simfahamu aliyeamua hivyo, lakini ni marekebisho yaliyosema mengi.

Masekela alipiga wimbo wake wa kudai Mandela arudishwe nyumbani. Makeba akaimba Soweto Blues, unaohusu watoto wa shule waliouawa kuanzia tarehe 16 Juni 1976. Kisha Masekela akaimba Stimela, wimbo wa gari la moshi linalowazoa wanaume kutoka nchi jirani na kuwapeleka kwenye dhahabu ya Johannesburg. Katika wimbo huo anazitaja nchi hizo kwa majina, moja baada ya nyingine, na Zimbabwe imo. Nadhani kuuimba London ni jambo moja, na kuuimba Mbare, mbele ya watu ambao baba zao walipanda gari lile, ni jambo lingine kabisa. Pale nchi jirani haikuwa mwenyeji tu wa wageni wenye huzuni. Ilikuwemo ndani ya wimbo, kwa jasho lake.

Kuelekea mwisho waliimba Nkosi Sikelel' iAfrika, utungo wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897. Afrika Kusini wimbo huu uliimbwa mazishini na kwenye mikutano ya upinzani. Harare mwaka 1987, muziki huohuo ulikuwa wimbo wa taifa. Zimbabwe iliutumia kwa maneno ya Kishona hadi 1994, Zambia inautumia kwa maneno yake, na Watanzania wanauimba kwa Kiswahili tangu 1961. Mtanzania yeyote ambaye angekuwa uwanjani siku ile angesimama wima bila kuambiwa. Wimbo wa wakimbizi ulikuwa wimbo wa dola pale walipokimbilia, na polisi waliokuwepo walipaswa kuuheshimu badala ya kuuzima. Katika hoja zangu zote naiona hii kuwa yenye nguvu zaidi, na wala haikuhitaji mtu kutoa hotuba.

Kuhusu lawama, naona mambo mawili yalichanganywa. Kurekodi Johannesburg bila kuzungumza na chama kilichoongoza mapambano lilikuwa kosa, na utetezi wa malipo mazuri haulifuti. Vikwazo haviwezi kufanya kazi kama kila mtu ana msamaha wake binafsi. Lakini onyesho la Harare lilikuwa jambo tofauti. Halikuipa Pretoria heshima wala kodi ya milangoni. Liliwapa watu waliofutiwa pasi nafasi ya kusimama karibu na kwao, chini ya ulinzi wa serikali iliyokuwa mstari wa mbele. Mtu aliyeyaweka Harare na Sun City katika kapu moja alikuwa anapima umbali wa mpaka bila kuuliza mpaka wenyewe ni wa nani.

Wembley ilikuja mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Juni 1988, kwa ajili ya miaka sabini ya kuzaliwa kwa Mandela. Watu 72,000 waliujaza uwanja, na matangazo yakafika zaidi ya nchi sitini. Makeba na Masekela walikuwepo. Siwezi kuidharau siku hiyo. Iliifanya sura ya mfungwa mmoja ijulikane katika nyumba ambazo hazikuwahi kusikia habari za Robben Island, na kwa Waafrika Kusini waliokuwa wakiishi London, ambao ofisi yao ya ANC ililipuliwa kwa bomu mwaka 1982, lazima ilikuwa faraja kuona mji mzima wa ugenini ukiimba jina lao. Ila umati ule ulikuwa wa wenyeji waliowaunga mkono. Hakuna aliyefika Wembley kwa kuvuka daraja la Mohokare akiwa na mzigo begani. Wembley wageni waliambiwa habari za Afrika Kusini. Maseru, Afrika Kusini ilikuja yenyewe.

Mandela alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990. Masekela alirudi mwaka huohuo. Makeba alirudi mwezi Juni, baada ya miaka thelathini na moja. Katika kipindi hicho nchi nyingi zilikuwa zimempa uraia wa heshima na pasi zao, na moja kati ya hizo ndiyo aliyoitoa mkobani alipofika kwao. Aliingia Afrika Kusini kwa pasi ya Ufaransa.